Alama Imekaa Upande Gani?

Mama mdogo alinipigia simu kabla hakujapambazuka vizuri. "Mwanangu, nakojoa damu." Ilikuwa siku yake ya pili ya dozi ya kifua kikuu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata tamaa. Nikamwuliza: ni wekundu wa damu, au ni kama soda ya chungwa? Akanyamaza. Nikasikia kuku nyuma yake, kisha akajibu, "Kama soda ya chungwa."

Nikashusha pumzi. Hiyo ni rifampisini, nikamwambia, moja ya zile dawa nne zilizomo kwenye vidonge vyako. Ina rangi, na inapotoka mwilini hutoka na rangi yake: kwenye mkojo, kwenye jasho, hata kwenye machozi. Usiogope, mama. Ukiona hivyo ujue dawa imefika na sasa inatoka.

Alifurahi. Kuanzia siku hiyo mkojo ukawa ndio cheti chake. Kila nilipompigia alinieleza rangi yake kama mkulima anavyoeleza mvua. Yeye anaishi Bahi, magharibi ya Dodoma, kule reli ya kati inakopita kwenye majaruba ya mpunga, na mimi ni mfamasia hapa mjini, kwa hiyo simu ndiyo iliyokuwa kliniki yetu.

Wiki ya tano macho yake yakawa ya njano.

Nikampeleka hospitali ambayo sitaitaja. Vipimo vya ini vilikuwa juu sana. Aliyetupokea alimtazama mama mdogo kuanzia kwenye kitenge hadi kwenye kandambili, akasema, "Huyu amekunywa miti shamba." Hakuuliza, alisema tu, na akaiandika kwenye faili. Mama mdogo akasema hajanywa kitu chochote zaidi ya vidonge vyake na uji wa uwele. Hakuna aliyefuta yale maandishi. Matibabu yenyewe yalikwenda sawa: walisimamisha dawa zote, wakasubiri ini litulie, wakazirudisha moja moja huku wakipima. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini mama yangu mdogo aliondoka pale akiwa na aibu ya jambo ambalo hakulifanya, na mimi niliondoka na swali ambalo sijaliacha mpaka leo. Kile kilichomuumiza ini kilitoka wapi, na mtu angekijuaje?

Kati ya zile dawa nne, tatu zinajulikana kwamba zinaweza kuumiza ini: rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi. Ethambutoli huwekwa kando. Nitaizungumzia isoniazidi, iliyoanza kutumika kwa kifua kikuu mwaka 1952, kwa sababu kisa chake kinanifundisha kitu kila nikirudi kwake. Haina rangi. Inapita ndani ya mtu bila kuacha dalili ambayo jicho linaweza kuiona. Na haipiti ikiwa vilevile: ini huikata, huiunganisha na vitu vingine, huibadilisha sura. Vitu hivyo vinavyozaliwa kutokana na dawa ndivyo wataalamu wanaviita metaboliti. Kuna zisizo na neno, kuna zinazofanya kazi kuliko dawa yenyewe, na kuna zinazoumiza.

Mtu asidhani kwamba rangi ingetosha kutuonyesha njia. Mwaka 1935 Mjerumani Gerhard Domagk alitangaza dawa ya Prontosil, nyekundu kabisa, kutoka katika ukoo wa rangi za kutilia nguo. Ilikuwa inawaponya panya wenye bakteria, ajabu ni kwamba ukiitia kwenye bomba la kioo pamoja na bakteria walewale haiwafanyi kitu. Mwaka huohuo, Taasisi ya Pasteur jijini Paris, kundi la akina Tréfouël, Nitti na Bovet likapata jibu. Mwili unaikata Prontosil pale pale kwenye kiungo kinachoipa wekundu, na kipande kimojawapo kisicho na rangi, sulfanilamidi, ndicho kinachofanya kazi. Aliyekuwa anaufuata wekundu alikuwa amekwisha poteza kitu chenyewe.

Kwa hiyo inahitajika alama nyingine. Alama ambayo haibadilishi tabia ya dawa, mwili hauitambui, na haifutiki kirahisi. Alama hiyo ni uzito.

Atomu za elementi moja si lazima ziwe na uzito mmoja. Kaboni nyingi duniani ina uzito wa 12, lakini takriban 1.1 katika kila atomu 100 ni ya 13, imebeba nyutroni moja zaidi. Nitrojeni ya kawaida ni 14, na iko chache ya 15. Haidrojeni ya kawaida ni 1, na ile ya uzito wa 2, deuteriamu, aliigundua Harold Urey mwaka 1931, akapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1934. Hizi ndizo isotopu. Neno hilo daktari wa Uskoti, Margaret Todd, alimpa mwanakemia Frederick Soddy mwaka 1913 kutoka Kigiriki, maana yake "mahali pamoja", kwa kuwa zote hukaa chumba kimoja kwenye jedwali la elementi. Kikemia ni karibu sawa. Kwenye mizani ni tofauti. Na hizi nilizozitaja hazitoi mnururisho, kwa hiyo hata binadamu anaweza kupewa dawa yenye alama hiyo katika utafiti bila hofu ya mionzi.

Aliyeonyesha kwamba alama hii inafaa ndani ya kiumbe hai ni Rudolf Schoenheimer, mzaliwa wa Berlin aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, palepale alipokuwa Urey. Akiwa na David Rittenberg, mwaka 1935 waliandika jinsi walivyowalisha panya mafuta yenye deuteriamu kisha wakayatafuta mwilini. Watu waliamini kwamba mafuta unayokula leo huunguzwa leo, na ya akiba yanakaa tu kama nafaka ghalani. Wao wakakuta sehemu kubwa ya mafuta mapya imeingia kwenye akiba, maana ghala lenyewe linatolewa na kujazwa kila siku. Ninapenda sana jaribio hilo. Kabla ya hapo hakuna aliyeweza kutofautisha mafuta ya jana na ya leo.

Sasa njoo kwenye metaboliti tusizozijua. Tatizo la mkojo, au la damu, ni wingi. Ukiingiza tone moja kwenye mtambo wa spektrometri ya masi, ule unaopima uzito wa molekuli, unapata maelfu ya vilele, kila kilele na uzito wake: chumvi, sukari, vipande vya protini, chai ya asubuhi. Ukijua unachokitafuta, unakwenda moja kwa moja kwenye uzito wake. Usipokijua, utatafutaje?

Dawa huchanganywa nusu kwa nusu: nusu ya kawaida, nusu yenye atomu nzito. Mchanganyiko huo ndio unaopewa panya, au seli za ini kwenye chombo, au mtu aliyekubali kushiriki. Ini halichagui. Linazikata zote mbili namna moja, kwa hiyo kila metaboliti inayozaliwa inazaliwa pacha, mmoja mwepesi na mwingine mzito, na pengo kati yao linajulikana kabla hujaanza. Mtambo ukimaliza kupima, programu inapekua vilele vyote na kuuliza swali moja tu: ni vipi vimekaa wawili wawili kwa pengo hili, na kwa kimo kinacholingana? Chai ya asubuhi haina pacha. Sukari haina pacha. Kinachobaki ni uzao wa dawa, hata kama hakuna kitabu kilichowahi kuutaja.

Huku kwetu mfugaji akienda kwenye lambo ambako mifugo ya vijiji vitatu inakunywa pamoja, hasumbuki kukariri sura. Anatazama masikio, namna yalivyochanjwa.

Nilipata bahati ya kukaa miezi kadhaa kwenye maabara yenye mtambo huo. Tulichukua isoniazidi ya kawaida na isoniazidi ambayo haidrojeni nne za kwenye duara lake zimebadilishwa kuwa deuteriamu. Tukaziweka sawa kwa sawa kwenye seli za ini la binadamu, kwa joto la nyuzi 37. Baada ya muda tunamwaga asetonitraili ya baridi, kiyeyushi cha maabara, kila kitu kinasimama, protini zinaganda kama maziwa yaliyochacha, tunazungusha kwenye sentrifuji na kuchukua maji ya juu. Yanapita kwanza kwenye safu inayotenganisha vitu kwa tabia zao, kisha yanapulizwa kama mvuke mwembamba wenye umeme hadi molekuli moja moja inabaki hewani ikiwa na chaji. Hapo ndipo zinapimwa, hadi tarakimu ya nne baada ya nukta.

Siku ya kwanza nilipoviona vile vilele kwenye skrini sikuweza kukaa. Isoniazidi yenyewe: 138.0662, na pembeni yake 142.0913. Kisha wawili wengine, 180.0768 na 184.1019. Toa mmoja kwa mwingine, pengo ni lilelile, 4.0251. Si 4 kamili. Haidrojeni nne zikigeuka deuteriamu nne zinaongeza 4.0251, na hizo tarakimu za mwisho ndizo zinazokuambia kwamba hawa ni ndugu kweli, hawakukutana kwa bahati tu. Kutoka 138 hadi 180 pameongezeka kundi la asetili, kipande kidogo cha kaboni, haidrojeni na oksijeni: ini limeibandika. Halafu 124.0393 na 128.0644, asidi isonikotiniki. Kuna kitu kingine ambacho hukioni mpaka ukae mbele ya skrini: pacha mwenye deuteriamu hutoka kwenye safu sekunde chache kabla ya mwenzake. Ukitumia kaboni 13 au nitrojeni 15 wanatoka pamoja. Programu isipoambiwa hivyo inaweza kuwaacha pacha halali kwa kuwa hawakufika mlangoni pamoja.

Kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, kinachobandika asetili kinaitwa NAT2, na watu hatufanani. Wapo wanaoifanya kazi hiyo haraka na wapo wanaoifanya polepole, kwa kurithi. Ulaya wa polepole ni karibu nusu ya watu; Japani ni takriban 1 kati ya 10; na hapa Afrika Mashariki wapo wengi. Wa polepole ndio wenye hatari kubwa zaidi ya kuumizwa ini na isoniazidi. Hilo linajulikana. Faili la mama mdogo halina mstari wa kuliandika.

Nikarudi kwenye orodha yangu ya pacha. Nilikuwa nayo ndefu, nzuri, nimeichapa. Mwalimu wangu wa pale akaitazama kwa dakika nzima, kisha akaniuliza, "Alama yako imekaa upande gani?"

Nikamwonyesha: kwenye duara.

"Na duara likikatwa?"

Nikaelewa kabla hajamaliza, na nilijisikia kama mtu aliyehesabu ng'ombe wa upande mmoja wa kilima. Isoniazidi ni duara upande mmoja na nitrojeni mbili zilizoshikana upande wa pili. Baada ya kubandikwa asetili, ini huikata katikati. Kipande cha duara ndicho kile cha 124, asidi isonikotiniki, na alama yangu ilikwenda nacho. Kipande cha pili kinaitwa asetilihidrazini, na kimeondoka bila deuteriamu hata moja. Hakina pacha. Kwenye orodha yangu hakikuwepo kabisa. Na hicho ndicho ambacho kwa miaka mingi kimekuwa mshukiwa mkuu wa kuumiza ini, kwa sababu kimeng'enya kingine, CYP2E1, kinaweza kukigeuza kuwa kitu kikali kinachong'ang'ania protini za ini. Kwa mtu mwenye NAT2 ya haraka, asetilihidrazini hubandikwa asetili nyingine na kupoa. Kwa wa polepole, inakaa. Wapo wanaoshuku zaidi hidrazini tupu, na wapo wanaosema isoniazidi yenyewe inaweza kugeuzwa moja kwa moja. Mjadala huo haujafungwa. Lakini mimi, kwa alama niliyoiweka, nisingeweza hata kuingia kwenye mjadala.

Dawa ya kurekebisha ni kuhamisha alama. Unatafuta isoniazidi ambayo zile nitrojeni mbili ni za uzito wa 15. Sasa pengo la pacha ni 1.9941, na kipande cha pili kinaonekana: 75.0553 na 77.0494. Kwa shida, lazima niseme. Ni molekuli ndogo mno, inajificha kwenye takataka za uzito mdogo, ndiyo maana wengi huiunganisha kwanza na aldehaidi ili iwe nzito na itambulike. Na pengo la karibu 2 lina wadanganyifu wake. Klorini ya asili ni mbili, 35 na 37, na pengo lao ni 1.9970, karibu sana na letu. Hapo unaangalia kimo. Klorini hukaa tatu kwa moja kwa sababu ndivyo ilivyo duniani. Pacha wako wamekaa sawa kwa sawa kwa sababu wewe ndiwe uliyewachanganya hivyo.

(Hiyo klorini si adui kila mahali. Lumefantrini, iliyo kwenye dawa mseto ya malaria tunayotoa kila siku, ina klorini tatu. Popote metaboliti yake inapokwenda na klorini zake hubeba mchoro wa vilele ambao hauhitaji kununua isotopu yoyote. Kwa maabara zetu, ambako dawa yenye alama inanunuliwa kwa miligramu na kusubiriwa kwa miezi, ningependa kuona wanafunzi wengi wakianzia hapo.)

Kuna jambo moja la deuteriamu ambalo lazima uliheshimu. Kifungo cha kaboni na deuteriamu ni kigumu kidogo kukatwa kuliko cha kaboni na haidrojeni ya kawaida. Ukiiweka pale ambapo kimeng'enya kinakata, umekichelewesha, na pacha hawatakuwa tena sawa kwa sawa. Wapo walioligeuza hilo kuwa dawa: mwaka 2017 Marekani iliidhinisha deutetrabenazini, ambayo deuteriamu zimewekwa makusudi ili mwili uikate polepole. Anayetafuta njia ya dawa anaziweka mbali na kisu. Anayetaka kuzuia kisu anaziweka chini yake.

Na bado pacha wanaweza kukuambia kitu kwa kutokuwepo. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliandika kuhusu panya waliopewa kipokezi cha binadamu kiitwacho PXR, protini ya kwenye seli inayopokea ishara, kile ambacho rifampisini hukiamsha. Panya hao walipopewa rifampisini na isoniazidi pamoja, protoporfirini IX ilijaa kwenye maini yao. Hicho si kipande cha dawa. Ni malighafi ambayo mwili wenyewe huitumia kutengeneza sehemu nyekundu ya damu. Kitu kama hicho kwenye jaribio letu kingepanda bila pacha, na ungejua kwamba dawa imekisababisha lakini haikukizaa. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa anayetaka kujua wa kulaumiwa ni nani.

Ndiyo maana lile neno "miti shamba" kwenye faili linaniuma hadi leo. Sisemi miti shamba haiumizi. Ipo inayoumiza, na kuuliza ni wajibu. Lakini aliyeandika alitafuta upande mmoja tu, upande wa mgonjwa, na hakuona kitu kingine kwa kuwa hakukiwekea alama. Nilipomaliza miezi yangu kwenye ule mtambo nilitamani nirudi na karatasi yangu ya vilele nimwonyeshe. Karatasi hiyo isingethibitisha lolote kuhusu ini la mama mdogo, maana hakuna aliyempa dawa yenye alama. Ingeonyesha tu kwamba kidonge alichopewa na hospitali kina uwezo wa kuzaa kitu cha kuumiza, peke yake, bila mzizi wala jani.

Mwezi wa nne nilikwenda Bahi. Dozi ilikuwa imerudishwa yote, macho yalikuwa meupe, alikuwa ameongezeka mwili. Tulikaa nje jikoni, mahindi mabichi yako kwenye mkaa. Akaniuliza nilifuata nini huko nilikokuwa. Nikasema nilikuwa natafuta kile kilichokugeuza macho, mama.

"Kile chenye rangi ya chungwa?"

"Hapana. Chenyewe hakina rangi."

Alitaka aelezwe, na si kwa maneno ya kizungu. Nikachukua hindi lililoiva, nikaokota kipande cha mkaa uliozimika, nikapaka ncha moja ya hindi mpaka ikawa nyeusi. Hii ndiyo dawa, nikasema, na huu weusi ndio alama yangu. Ini likiipata linafanya hivi. Nikalivunja katikati. Nusu yenye weusi nikaiinua: hii niliiona, popote ilipokwenda niliiona.

Mama mdogo hakuitazama. Aliinama akaokota ile nusu nyingine iliyoangukia majivuni, akaifuta kwa kitenge, akaigeuza pande zote akitafuta weusi ambao haukuwepo.

"Na hii?"

"Hiyo sikuiona. Nilipaka upande mmoja."

Alikaa kimya muda mrefu, kule relini behewa za mizigo zikipita. Kisha akatoa hindi jingine kwenye mkaa, zima, akalipuliza hadi likapoa. Akachukua kile kipande cha mkaa mkononi mwangu, akapaka ncha ya huku, akaligeuza, akapaka na ya kule, akanipa.